Farumi ya Bawa Lisilo na Mkia

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Walinena hivyo kwa vyombo vya baharini, na mtu wa pwani aisikiapo methali hiyo humjia machoni jahazi lililokaa juu ya maji kwa utulivu, kazi yote ya fundi ikiwa imefichika chini ya mstari wa maji. Lakini bahari si mahali pekee pa kuelea. Hewa nayo ni bahari. Ina mikondo na mawimbi yake, ina joshi yake na demani yake. Na wapo watu ambao kwa miaka mingi wamejishughulisha kuunda vyombo vya kuelea humo visivyo na injini, visivyo na nahodha ndani yake, na, ajabu zaidi, visivyo na mkia.

Chombo chenyewe ni bawa na bawa tu. Hakina kiwiliwili cha kutajika, wala ule mkia wenye pezi la wima na vibawa viwili ambao kila mtoto huuchora anapochora ndege. Wajerumani, waliotangulia sana katika ufundi huu, walikipa jina lenye maana ya "bawa tupu". Urefu wake kutoka ncha hadi ncha huweza kuwa mita 2 au 3. Huundwa kwa nyuzi za kaboni na gundi ya epoksi ndani ya kalibu iliyosuguliwa hadi ikang'ara, au kwa povu gumu lililokatwa kwa waya wa moto. Mwenye nacho husimama juu ya kilima kinachoukabili upepo, akakirusha kwa mkono. Upepo unaoupanda mteremko hukibeba, naye hukiongoza kwa redio aliyoishika mbele ya kifua. Ndani ya bawa mna betri ndogo, mota mbili za kuvuta vibamba vya ukingo wa nyuma, na kipande cha risasi kilichotiwa puani.

Mpita njia huenda akauona huu kuwa ni mchezo wa watu wazima wenye nafasi, asiulize zaidi. Hata hivyo, ndani ya mchezo huu limo suala ambalo wanafalsafa wamelihangaikia bila ya kilima wala redio. Mtu anapokitupa kile ambacho wenziwe wote wanakiona kuwa ni cha lazima, je, amejikomboa au amejipunja? Na kile alichokitupa, kimekwenda wapi?

Ili suala hili lifahamike, ni budi kwanza ijulikane kazi ya mkia. Bawa la kawaida, lililobenuliwa mgongo ili libebe uzito mwingi, likiachwa peke yake hewani halina adabu. Tabia yake ni kuinamisha pua, kisha kujibiringisha mbele hadi likaanguka. Mkia ndio ulezi wake. Ukiwa umekaa mbali nyuma, mwisho wa kiwiliwili kirefu, kila pua inapoinama huo huishusha ncha ya nyuma na kuirudisha pua mahali pake. Kila pua inapoinuka kupita kiasi huo huituliza. Pezi la wima nalo huizuia pua isiende kombo, kushoto wala kulia. Watoto wanaorusha vishada wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa darasani: kishada kinachozungukazunguka kama kilichopagawa hutiwa mkia wa kitambaa, kikatulia.

Mkia, basi, ni ada na mila ya ndege. Ni sauti ya mkubwa inayosema nyuma ya mtoto: inua kichwa, usiende huko, rudi njiani. Na kama ilivyo kwa kila ulezi, una gharama. Mkia una uzito, na uzito huo hauna budi kubebwa. Una ngozi inayosuguana na hewa, na msuguano huo hupunguza mwendo. Tena mara nyingi mkia husukuma chini wakati bawa linasukuma juu, hivyo bawa hulazimika kuubeba mlezi wake pamoja na mzigo wake. Hapo ndipo walipotokea wale waliosema: kwa nini tusiuondoe?

Wa kwanza kuuondoa hakuwa mtu. Katika misitu ya visiwa vya Indonesia kuna mmea utambaao wa jamii ya maboga, uitwao kwa jina la kitaalamu Alsomitra macrocarpa. Mbegu yake imekaa katikati ya utando mwembamba, mwepesi kama karatasi, wenye upana wa kiasi cha sentimita 13. Tunda linapopasuka juu ya miti, mbegu hizo hutoka moja moja, zikateleza hewani kwa duara pana hadi mbali na mama yao. Hazina mkia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Igo Etrich wa Austria aliitazama mbegu hiyo, akaunda glaida ya kubeba mtu kwa umbo lake, nayo ikaruka mwaka 1906. Alipotaka kuitia injini, umbo la mbegu halikumtii. Mwisho akakubali kuongeza mkia, na ndege iliyozaliwa mwaka 1910 akaiita Taube, yaani njiwa. Kisa cha njiwa huyo kitarudiwa mbele, kwani kina jambo la kusema.

Mbegu ile ilikuwa na siri gani ambayo Etrich hakuweza kuidumisha? Siri haikuwa kwamba haikuhitaji mkia. Siri ilikuwa kwamba mkia umo ndani yake. Ukingo wa nyuma wa utando umeinuliwa kidogo, na ncha zake zimerudi nyuma na kusokotwa, na uzito wa kokwa umekaa mbele panapostahiki. Waundaji wa mabawa matupu hufanya hayo hayo. Huupinda ukingo wa nyuma kwa kwenda juu, ili bawa lenyewe liinyanyue pua yake. Huyaelekeza mabawa nyuma kama ya mbayuwayu, kisha wakazisokota ncha ziinamishe uso kidogo, ili zifanye kwa unyenyekevu kazi ambayo mkia ungeifanya kwa umbali. Kila moja ya hatua hizi hupunguza kiasi fulani cha nguvu ya kuinua. Bawa hujinyima sehemu ya uwezo wake ili liweze kujitawala.

Hili ndilo funzo la kwanza, na watu wa pwani wanalo jina lake tayari. Ngalawa hujizuia isipinduke kwa matengo, miti iliyotandazwa nje, pande mbili, ikigusa maji kama mikono ya mtu anayepita juu ya ukuta mwembamba. Jahazi halina matengo. Lakini hakuna nahodha aliyewahi kusema kwamba jahazi limejikomboa kutokana na haja ya kutopinduka. Jahazi likiwa halina shehena hutiwa farumi: mawe au mchanga ndani ya tumbo, mahali pasipoonekana na mtu aliyesimama ufukweni. Matengo yameondoka, haja haikuondoka. Imehama kutoka nje kwenda ndani, kutoka mahali pa kuonekana kwenda mahali pa kujulikana na mwenye chombo tu.

Bawa lisilo na mkia ni jahazi, si ngalawa iliyokatwa matengo. Tofauti baina ya mambo mawili hayo ni ndogo kwa macho na ni kubwa kama uhai kwa matokeo. Vijana wengi, na jamii nyingi pia, wameona uzuri wa chombo kisicho na matengo, wakachukua shoka na kuyakata ya kwao, pasi na kuuliza farumi iko wapi. Bandu bandu huisha gogo. Kupunguza peke yake si ukamilifu. Mjinga naye hupunguza.

Inafaa hapa kuitazama ile risasi iliyotiwa puani. Katika glaida yenye mkia mrefu, mrushaji akikosea kidogo mahali pa kitovu cha uzito, mkia humstiri. Katika bawa tupu hakuna stara. Kitovu kikisogea mbele milimita chache, bawa hutii lakini huwa zito wa mwendo, kama mtu anayekwenda kwa hofu ya kila hatua. Kikisogea nyuma kwa kiasi hicho hicho, bawa huwa jepesi na la kasi, lakini likiguswa na upepo wa ghafla hujipindua, na hakuna wa kuliita lirudi. Baina ya woga na wazimu pana nafasi ya upana wa ukucha, na hapo ndipo bawa linaporuka vizuri. Washairi wana neno moja kwa ajili ya pima ya silabi na kwa ajili ya chombo cha kupimia uzito: mizani. Mwenye bawa tupu angelielewa neno hilo kwa maana zote mbili kwa pamoja.

Lakini msomaji mwenye busara ana haki ya kupinga. Atasema: ikiwa haja ya mkia haiondoki, na ikiwa kuihamishia ndani kunagharimu nguvu na taabu, basi faida iko wapi? Usiache mbachao kwa msala upitao. Upinzani huu si dhaifu, na ukweli wa mambo unauunga mkono. Glaida nyingi zinazoshindana kwa mbio juu ya vilima zina mikia. Mwezi Januari 2021, huko California, Mmarekani Spencer Lisenby aliiongoza kwa redio glaida isiyo na injini hadi ikafikia kasi ya kilomita 882 kwa saa, ikizunguka nyuma ya kilele cha mlima kati ya hewa inayokwenda kasi na hewa iliyotulia, kama albatrosi afanyavyo juu ya mawimbi. Glaida hiyo ilikuwa na mkia. Kama tuzo ndiyo hoja, mkia umeshinda.

Na wako waliolipa kwa zaidi ya tuzo. Mhandisi wa Marekani Jack Northrop aliamini tangu ujana kwamba ndege kamili ni bawa peke yake. Alianza na ndege ndogo ya majaribio mwaka 1940, akafika kwenye ndege kubwa ya jeti, YB-49, iliyoruka mwaka 1947 ikiwa na upana wa mita 52. Tarehe 5 Juni 1948 moja ya ndege hizo ilikatika angani juu ya jangwa la California, wakafa watu wote watano waliokuwamo. Mmoja wao aliitwa Glen Edwards, na mwaka uliofuata kituo cha ndege cha mahali hapo kikapewa jina lake. Mpango ukafutwa, na ndege zilizobaki zikavunjwa kuwa vyuma vikuukuu. Northrop aliondoka katika kampuni iliyobeba jina lake mwaka 1952, na kwa miaka mingi aliishi akijua kwamba dunia imemhukumu kuwa alikosea.

Jibu la upinzani huo halipatikani katika mbio wala katika tuzo. Linapatikana katika jambo ambalo mkia hulificha. Ndege inapotaka kukata kona, bawa moja hulazimika kuinuka kuliko lenziwe. Kwa kawaida bawa lile linaloinuka ndilo linalokokotwa zaidi na hewa, hivyo hubaki nyuma, na pua ikageukia upande usiotakiwa: ndege inainamia kulia huku uso wake ukitazama kushoto. Ni unafiki mdogo wa kimaumbile. Ndege za kawaida hulitatua jambo hilo kwa pezi la mkia, ambalo huirudisha pua kwa nguvu. Pezi linafanya kazi yake vyema. Na kwa sababu linafanya vyema, kwa muda mrefu wengi hawakuona haja ya kuuliza kama bawa lenyewe lingeweza kuundwa lisiseme uongo.

Mjerumani Ludwig Prandtl, mmoja wa waasisi wa elimu ya mwendo wa hewa, alikuwa ameonesha kwamba bawa lenye upana uliowekwa hukokotwa kwa uchache zaidi ikiwa mzigo umegawanywa kwa umbo la duara dufu. Jambo hilo likaingia katika vitabu, likawa kama sheria. Lakini mwaka 1933 Prandtl huyo huyo alirudi na kuuliza swali jingine: vipi ikiwa kinachowekwa si upana wa bawa bali ni uzito wa mifupa yake? Jibu lilikuwa tofauti. Bawa refu zaidi kwa asilimia 22, lililogawanya mzigo wake kwa umbo la kengele, ncha zikibeba kidogo sana, hukokotwa kwa kiasi cha asilimia 11 chini ya lile la kwanza. Karatasi hiyo ilikaa miaka mingi bila kusomwa na wengi. Reimar Horten wa Ujerumani alilitumia umbo la kengele katika glaida zake zisizo na mikia, kwa sababu aliona kwamba linaitiisha pua.

Miaka 80 baada ya karatasi ya Prandtl, mwaka 2013, mhandisi wa NASA Albion Bowers, akisaidiwa na wanafunzi, alianza kurusha mabawa matupu ya kuongozwa kwa redio ili kuijaribu hoja hiyo. Hayakuwa na mkia wala pezi lolote. Yalipoinamia kulia, pua ikageukia kulia. Ncha zilizokubali kubeba kidogo zilikuwa zimekaa katika hewa inayopanda, na hewa hiyo, badala ya kuzikokota nyuma, ilizisukuma mbele. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Na mahali yaliporuka mabawa hayo ni katika kituo kile kile cha jangwani chenye jina la Glen Edwards, aliyekufa ndani ya bawa lisilo na mkia.

Hapa ndipo penye funzo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Maadamu pezi lipo, hakuna anayelidai bawa liwe la kweli. Kosa lipo, lakini husahihishwa kila mara na mwingine, hata likaonekana kuwa ndiyo tabia ya mabawa yote. Hivyo hivyo kwa mwanadamu. Yule ambaye hajawahi kuiba kwa sababu mlango una kufuli na mlinzi yuko macho, haijulikani bado kama ni mwaminifu. Wala yeye mwenyewe hajui. Ada na mila, sheria na macho ya majirani, ni mapezi mema, na heri jamii iliyo nayo. Lakini zinaweza kutunza mwenendo huku zikiuacha moyo ukitazama upande mwingine. Thamani ya kuondoa mkia, hata pasipokuwa na tuzo, ni kwamba bawa hulazimika kujibu swali ambalo halikuwahi kuulizwa. Tena tazama ni sehemu gani ya bawa iliyolijibu: ni ncha, ile iliyoacha kugombea mzigo.

Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wameuona mjadala huu katika nyumba yao wenyewe. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, palizuka ubishi ambao moshi wake haujaisha. Wapo waliosema kwamba shairi lisilo na vina si shairi, na wapo waliosema kwamba vina ni minyororo. Bawa tupu linawapa pande zote mbili cha kufikiri. Kwa hao wa kwanza linasema: inawezekana chombo kiruke bila ya mkia mliouzoea. Kwa hao wa pili linasema: inawezekana, lakini haiwi kwa kuukata tu. Kina kikiondolewa mwishoni mwa mstari, kazi yake ya kuifunga fikra na kuituliza sauti haina budi ibebwe na picha, na pumzi, na mpangilio wa maneno. Shairi huru lililo zuri lina farumi nzito kuliko watu wanavyodhani. Lililo baya ni ngalawa iliyokatwa matengo.

Kama maneno yangeishia hapa, msomaji angeondoka na faraja isiyo kamili. Angedhani kwamba anayejitawala kwa ndani amefika. Historia ya mabawa matupu hairuhusu faraja hiyo. Reimar Horten na nduguye Walter walianza kama vijana wapenzi wa glaida, na glaida zao za miaka ya 1930 zilikuwa na usafi wa umbo unaowashangaza waundaji hadi leo. Walipoingia vitani, Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani ya Hitler, alikuwa akidai ndege itakayobeba kilo 1,000 za mabomu kwa umbali wa kilomita 1,000 kwa mwendo wa kilomita 1,000 kwa saa. Ndugu hao wakampelekea bawa tupu lenye injini mbili za jeti. Likaruka kama glaida mwezi Machi 1944, na mapema mwaka 1945 likamuua rubani wake wa majaribio, Erwin Ziller. Vita viliisha kabla halijaingia kazini. Reimar alihamia Argentina, akaendelea kuunda mabawa, akafariki huko mwaka 1994.

Hesabu zake zilikuwa sahihi. Mizani yake ilikuwa timamu. Bawa lake lilijitawala kuliko mabawa yote ya zama zake. Na yote hayo yaliwekwa katika huduma ya dola iliyokuwa ikiwaua watu kwa mamilioni. Hakuna milimita hata moja ya risasi puani ambayo ingeweza kulizuia hilo, kwa kuwa farumi hukizuia chombo kisipinduke, wala haikiambii chombo kiende bandari gani.

Je, basi mkia ungemwokoa? Wapo watakaosema kwamba hayo ndiyo matokeo ya kuacha ada na kufuata usafi wa fikra ya mtu mmoja. Hapa ndipo kinaporudi kisa cha njiwa wa Etrich. Yeye alikubali kurejesha mkia. Ndege yake ilikuwa tiifu na tulivu, na jina lake lilikuwa la ndege wa amani. Tarehe 1 Novemba 1911, Luteni Giulio Gavotti wa Italia aliirusha Taube juu ya Ain Zara, karibu na Tripoli nchini Libya, akaangusha mabomu madogo kwa mkono. Hilo ndilo shambulio la kwanza la mabomu kutoka katika eropleni, na lilifanywa juu ya ardhi ya Afrika, na njiwa mwenye mkia. Ulezi wa nje haukulizuia bomu, kama ulivyoshindwa kulizuia utawala wa ndani. Utiifu na kujitawala vyote viwili ni elimu ya namna ya kuruka. Wapi pa kurukia ni elimu nyingine.

Elimu hiyo haikai katika bawa. Inakaa kwa yule aliyesimama kilimani na redio mkononi. Na hapa mchezo huu unaonesha tofauti yake na maisha. Mrushaji yuko nje ya chombo chake. Bawa likivunjika, hufa povu na kaboni, naye hurudi nyumbani na kuanza upya. Usalama huo ni neema kwa mwanafunzi, kwa maana humwezesha kukosea bila ya kuua. Lakini ni hatari kwa mwenye uwezo, kwa maana mkono ulio mbali na maumivu ni mwepesi kusahau. Mwanadamu katika maisha yake hakupewa umbali huo. Yeye ni bawa na ni mkono unaoliongoza. Akijipindua, huanguka yeye, na akiruka kwa ustadi kwenda pasipostahiki, hawezi kusema kwamba yeye ni umbo tu na kwamba dira aliishika mwingine. Horten hakuwa na haki ya udhuru huo, na hakuna fundi wa zama hizi aliye nayo.

Lile suala la mwanzo, basi, lina jibu la sehemu tatu. Kilichotupwa hakikwenda popote. Kimeingia ndani, au kama hakikuingia ndani, chombo kitaanguka. Kukiingiza ndani kunaweza kumfikisha mtu kwenye ukweli ambao ulezi wa nje ungeuficha, na kwa hiyo anayeichagua njia hiyo ngumu pasi na tuzo hastahili kuitwa mpumbavu. Na mwisho, hata akifanikiwa, hajamaliza. Ameweza kwenda sawa. Bado anadaiwa kuuliza aendako, na swali hilo halijibiwi na umbo wala na ada peke yake, bali na macho yanayowatazama watu walio chini.

Kuna desturi moja miongoni mwa warushaji wa mabawa haya ambayo inafaa kutajwa kabla ya kumaliza. Bawa jipya linapopelekwa kilimani kwa mara ya kwanza, mwenye busara halirushi likiwa na uzito pale hasa panapofaa. Hutia risasi ya ziada puani, ili lisiwe na kasi lakini liwe tiifu. Hulirusha hivyo mara ya kwanza, akalitazama. Likishuka salama, hulifungua, akaondoa gramu chache, akalirusha tena. Huendelea hivyo, siku hiyo na siku nyingine, gramu kwa gramu, hadi bawa linapoanza kuonesha wepesi wake. Na siku linapotikisika kwa namna asiyoipenda, hurudisha gramu ya mwisho aliyoiondoa, wala haoni haya. Wazee waliolea watoto watalitambua tendo hilo. Nao watakumbuka pia kwamba siku ya kuondoa gramu ya mwisho hawakuwa na hakika. Walitazama upepo, wakaufungua mkono.